Ukirudi Vizuri

Mkoba ulipotoka kwenye sindano ulikuwa mkubwa kama gunia la mkaa, na binti aliyeufuma aliutazama kwa fahari isiyofichika.

Mgeni angeuona pale mezani angecheka mpaka ashike mbavu. Angesema huyu kakosea hesabu, au kuna tembo ameagiza mkoba. Vitanzi vyake vilikuwa vimeachana kiasi cha kupitisha kidole, na kitu chote kilikuwa kimelegea na kupwaya, kimejimwaga juu ya meza na rangi yake ya damu ya mzee. Lakini ndivyo kazi yake ilivyotaka. Alikuwa anafuma kitu kikubwa makusudi, kisha anakitia katika maji ya moto na sabuni, anakikanda na kukisugua na kukitesa mpaka sufu ijishike yenyewe kwa yenyewe, vitanzi vipotee visionekane tena, na lile gunia ligeuke mkoba mdogo, mzito, mgumu, wa kusimama wenyewe bila kuegemezwa.

Katika nyumba ile hawakusema sufu imesinyaa. Walisema imerudi, kama wasemavyo watu shati likifuliwa likawa fupi: shati limerudi. Mkoba ukikubali maji ya moto, umerudi. Ukikataa, haujarudi. Msomaji alishike neno hilo vizuri, maana ndilo lililomtoa mtu mji wa mbali akapanda basi.

Mtaani walimwita Mfumaji, na walilitamka jina hilo kwa heshima. Vidole vyake vilikuwa virefu na vyepesi. Akifuma hakuangalia sindano, alitazama dirishani, na uzi ukamtii tu. Wanawake waliokuja kuchukua mikoba yao walikaa pale sebuleni kupita muda wao kwa sababu ya kumtazama. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni kusema. Maneno alikuwa anayapima kwa kijiko cha chai, na yale ya moyoni ndiyo kabisa, hayakutoka hata kwa dawa.

Alasiri hiyo alikuwa ameinamia beseni jikoni, mikono imezama katika povu mpaka viwikoni. Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, alikaa kwenye kiti mlangoni na sindano zake mwenyewe.

"Haya maji yako ya moto mimi siyataki," alisema Shangazi, kama alivyosema kila beseni lilipowekwa chini. "Raha ya kufuma ni kwamba ukikosea unavuta uzi, unafumua, unaanza upya. Hiyo yako ikisharudi ndiyo basi. Umekosea, umekosea."

"Ndiyo uzuri wake, Shangazi."

"Uzuri gani wa kitu kisichofumulika?"

Mfumaji akatabasamu, akaendelea kusugua. Alijua maneno hayo yalitoka wapi.

Zamani, yeye akiwa bado mtoto mdogo, mume wa Shangazi aliaga kwamba anakwenda kufanya kazi ya msimu mmoja. Akabeba begi mgongoni, akapunga mkono pale kwenye kona ya mtaa, na kona ikammeza. Shangazi alikuwa anamfumia sweta. Alilimaliza, akalikunja, akalingoja livaliwe. Barua alizotuma hazikujibiwa, na watu aliowatuma walirudi mikono mitupu. Mwisho alishika ncha ya uzi akavuta, akalifumua sweta lote, na kwa uzi ule ule akamfundisha mtoto wa kaka yake kushika sindano. Tangu hapo hakufanya kazi isiyofumulika, na hakumpenda mwanamume yeyote mwenye begi mgongoni.

Sasa angalia mambo ya dunia. Mwanamume aliyempenda Mfumaji alikuwa na begi mgongoni.

Walimwita Fundi Ngozi. Ndiye aliyekuwa akiishonea mikoba ya Mfumaji mishikio ya ngozi, na mishikio yenyewe, hata Shangazi aliwahi kuponyokwa na neno akakiri, ilikaa kana kwamba imeota pale. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Yeye peke yake alimwita Mfumaji "Sufu". Alipopata kazi katika karakana ya viatu na mikanda mji mwingine, alikuja kwa adabu zote, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaomba. Shangazi alimjibu kabla chai haijapoa.

"Mtu wa begi mgongoni simpi mtoto."

Fundi akamgeukia Sufu wake, akangoja neno moja tu. Sufu akatazama kikombe. Neno halikutoka, na Fundi akaenda zake.

Kisha, wiki ya mkoba huu, Fundi akaandika. Karakana ilikuwa inafungua tawi nchi nyingine, mkataba wa miaka, na walimtaka yeye akalisimamie. "Sufu, nikuulize jambo moja," aliandika. "Kuna mtu ananisubiri huko nyumbani? Kama yupo, nitawaambia hapana. Kama hayupo, nitakwenda, na sitakusumbua tena." Tangu siku hiyo Mfumaji alikuwa anaandika jibu na kulifuta. Akiandika "yupo", anaigeuza simu kifudifudi. Akiandika "nenda salama", machozi yanamlenga. Alimpenda yule mtu. Alimpenda kwa namna ya kumuumiza kifua, na hakuwa na kinywa cha kusemea.

Simu ikalia juu ya rafu.

"Nani huyo?" aliuliza Shangazi.

"Atakuwa Daktari wa Meno. Tangu asubuhi anaulizia mkoba wake."

Daktari wa Meno alikuwa mteja mwenye haraka kuliko wote na mwenye mapenzi kuliko wote. Alikuwa na mikoba ya Mfumaji ya kila rangi na bado hakutosheka; hata picha yake kwenye simu ilikuwa mkoba.

"Mjibu basi. Mteja haachwi roho juu."

"Kwa mikono gani? Nikiitoa sasa, sufu itapoa. Shangazi, nishikie simu nimtumie sauti. Bonyeza mtu wa kwanza, yule wa juu kabisa."

Simu ikalia tena, mlio mfupi. Shangazi aliipeleka karibu na pua, kisha akaisogeza mbali urefu wa mkono.

"Miwani yangu nayo sijui nimeitupa wapi. Huyu mwenye picha ya mkoba?"

"Huyo huyo."

Shangazi akabonyeza, akamwekea simu mdomoni kama anayemlisha mtoto. Mfumaji, ambaye ikiwa ni habari ya kazi hakuwa na haya, alisema kwa ile sauti yake ya chini, nyororo, huku akihema kwa kusugua:

"Kipenzi, nisamehe kwa kukaa kimya. Nasubiri urudi. Ulivyo sasa bado umepwaya, lakini najua ukirudi vizuri utapendeza kupita kiasi. Usinihesabie siku. Moyo wangu wote uko hapa hapa."

"Imekwenda," alisema Shangazi, akairudisha simu kwenye rafu.

Mkoba ule ulikuwa kaidi. Uzi ulitoka kwenye shehena mpya, na kila alipobadilisha maji ulimtazama tu, umelegea vilevile. Jioni ilipoingia alikuwa ameshindwa. Simu ilikuwa imezimika kwa kuishiwa chaji, akaichomeka ukutani, akalala mapema mabega yakimuuma. Kabla ya usingizi alimshukuru Daktari moyoni kwa kunyamaza, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

Asubuhi alichemsha maji mengine, akapiga magoti mbele ya beseni, akaanza upya. Shangazi alikuwa chumbani anapekua mashuka akitafuta miwani.

"Hodi."

Mikono ya Mfumaji ikasimama ndani ya povu. Alimjua mtu mmoja tu aliyebisha hodi hivyo, taratibu, kana kwamba mlango umelala na hataki kuushtua.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," alisema, na sauti ikatoka nusu.

Fundi Ngozi akaingia, akasimama kwenye mlango wa jikoni, shati limekunjamana kwa safari, ndevu hazijanyolewa, begi mgongoni. Alikuwa amekonda. Mfumaji aliliona hilo kwanza, kisha akaona macho, na baada ya macho hakuona kitu kingine. Alisimama, maji yakimchuruzika kwenye viwiko mpaka sakafuni, wala hakujua.

"Nimerudi," alisema Fundi.

"Umerudi," alijibu, kwa kuwa hakupata jingine.

Wakabaki wakitazamana. Mtu aliyekaa mbali na kipenzi chake anajua kutazama kwa namna ile, kwa kuhakikisha kila kitu kama kipo: paji la uso lipo, kovu dogo la kidoleni alilolipata kwa msumari wa kutobolea ngozi lipo. Fundi alishusha begi taratibu, akaliegemeza ukutani.

"Njia nzima nimeisikiliza sauti yako," alisema. "Mpaka mzee niliyekaa naye kwenye basi akaniambia, kijana, dada wa watu ameshaomba msamaha, sasa mwache apumzike."

"Sauti yangu?"

"Ile ya jana. Nilikuandikia kwamba jana ndiyo siku ya mwisho ya kuwajibu, nikaweka simu chini, nimekata tamaa. Mara sauti yako hiyo. 'Nasubiri urudi. Moyo wangu wote uko hapa hapa.'" Alicheka kwa macho, kisha mdomo ukafuata. "Sufu, tangu nikujue hujawahi kuniambia maneno marefu namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Pale tu uliposema nimepwaya ndipo sikukuelewa. Nikaenda kwenye kioo. Nikasema labda ameona picha, maana kweli suruali zinanivuka."

Mfumaji akalirudia neno lile moyoni.

Umepwaya. Mtu wa kwanza, wa juu kabisa: ule mlio mfupi ulikuwa wake, ukampandisha juu. Mwenye picha ya mkoba. Picha ya Fundi kwenye simu ilikuwa mkoba wa buluu, wa kwanza waliotengeneza pamoja, sufu ya huyu na ngozi ya yule. Hakuwa ameibadilisha hata alipoondoka bila jibu.

Akafungua mdomo, akaufunga.

Na hapa tusimlaumu. Kitu alichokililia machozi wiki nzima kilikuwa kimesimama jikoni kwake kinatabasamu, na hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza, kazi aliyoiweza kuliko watu wote. Nani kati yetu asingenyamaza angalau kidogo?

"Maji yanapoa," alisema Fundi. "Si wewe uliyenifundisha kwamba sufu haingoji mtu?" Alikuwa tayari anakunja mikono ya shati. Akapiga magoti upande wa pili wa beseni, akazamisha mikono, akashtuka. "Ah! Yana moto haya! Hivi ndivyo unavyofanya kila siku?"

"Huzoei. Unavumilia tu."

"Nionyeshe."

Mfumaji naye akapiga magoti. Chini ya povu vidole vyake vikatafuta sufu, vikakuta vidole vya Fundi, vigumu, vya mtu wa msumari na ngozi, vikaacha kutafuta. Taratibu akaiongoza ile mikono mikubwa: hapa bonyeza, hapa sugua kwa mviringo, hapa usivute. Fundi alijifunza haraka kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi huheshimu kazi ya mwenzake. Alikuwa anaitazama sufu kwa makini yote, mdomo wazi kidogo.

"Inabadilika," alinong'ona. "Sufu, sikiliza na vidole. Inashikana."

Kweli ilikuwa inashikana. Ule mkoba uliomkatalia jana kutwa ulikuwa umeanza kujikusanya chini ya mikono yao, unakuwa mzito, unajikaza. Vitanzi vilikuwa vinapotea kimoja kimoja.

"Nilikuwa nafikiri kazi yangu ni ngumu," alisema Fundi. "Ngozi unaikata, unaishona, imekwisha. Lakini hii unakichukua kitu kinachoweza kufumuka, unakifanya kisifumuke milele. Unajua mtu mwingine anayeweza hivyo? Mimi simjui."

Mfumaji alimtazama alivyoinama, jasho limemtoka kwenye kipaji, anamsifu kwa moyo mweupe, na akaona hawezi. Angeweza kumnyamazia mtu mwingine. Huyu hakuweza kumwibia.

"Sauti ile haikuwa yako," alisema.

"Nini?"

"Ilikuwa ya Daktari wa Meno. Anaulizia mkoba wake. Huu hapa." Akauinua kidogo kutoka majini. "Wateja wote nawaita kipenzi. Mkoba ndio niliousubiri urudi. Mkoba ndio uliopwaya. Mikono yangu ilikuwa na povu, Shangazi akabonyeza bila miwani."

Macho ya Fundi yalishuka kwenye beseni, yakakaa pale. Mfumaji aliona neno likizunguka kichwani mwa mwenzake, urudi, ukirudi, likigeuka polepole kutoka kwa mtu kuwa mkoba, na akatamani ardhi ipasuke.

"Kwa hiyo nimesafiri kwa ajili ya mkoba," alisema Fundi mwishowe.

"Nisamehe."

"Nilimwendea mkuu wa karakana nikamwambia siendi, kuna mtu ananisubiri nyumbani. Mafundi wote wakapiga makofi. Mmoja akaniazima shati hili." Alijaribu kucheka, kicheko hakikufika machoni. Akatoa mikono majini, akaifuta kwenye suruali. "Si kosa lako. Mtu akitamani sana kusikia neno, hata mlango ukilia atasema umemwita."

Akasimama, akanyoosha mkono kulichukua begi.

Na hapo, ndugu msomaji, yule mtu wa kijiko cha chai alimwaga birika zima.

"Usilishike hilo begi!" Mfumaji alisimama, povu linadondoka. "Usilishike, nakuomba. Nina maneno, ila hayatoki kwa mpangilio, kwa hiyo nisikilize hivyo hivyo. Wiki nzima naandika nafuta. Siku ile ulipoomba, nikatazama kikombe, mpaka leo nakichukia kikombe kile, nimekiweka nyuma ya kabati. Mimi kila mkoba wenye mshikio wako naushikilia kidogo kabla ya kuuza, kwa kuwa wewe umeushika. Nakuota. Nakuona kwenye mikanda ya watu, kwenye viatu vya wapita njia. Nimejifunza kusema na wateja kwa sababu habari za sufu ni rahisi, haziwezi kuniumiza. Wewe unaweza." Alipangusa uso kwa mkono, akajipaka sabuni shavuni. "Jana sikukuita. Hilo ni kweli. Leo nakuita. Leo hakuna mtu aliyebonyeza."

Mkono wa Fundi ulikuwa bado uko kwenye mkanda wa begi, umesahauliwa pale.

"Aliyebonyeza jana yuko hapa."

Shangazi alikuwa mlangoni. Miwani ilikuwa machoni sasa, na uzi wa kijani umening'inia kwenye sikio moja, maana aliikuta ndani ya kikapu cha sufu. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama pale tangu lini, lakini uso wake ulionyesha kwamba ilikuwa tangu mapema.

"Shikamoo Shangazi," alisema Fundi, akaachia begi kama mwizi aliyekamatwa.

"Marahaba." Shangazi alimtazama juu mpaka chini. "Umekonda."

"Ndiyo, Shangazi."

"Umepwaya, kama ulivyoambiwa." Akavuta kiti, akakaa kwa uzito. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kung'aa. "Jana ni kidole hiki kilichokuita. Hiki hapa. Ningekuwa na miwani nisingebonyeza, nisikudanganye. Ningetafuta Daktari mpaka nimpate."

"Najua, Shangazi."

"Hujui. Tulia." Sauti yake ilishuka. "Mimi nilimwita mtu kwa jina lake. Nilimwita kwa kusudi, kwa barua, kwa watu, kwa machozi, miaka. Hakuja. Wewe umeitwa kwa kosa, na maneno yenyewe ni ya mkoba, na umefika kabla maji hayajapoa."

Aliirudisha miwani machoni, lakini haikumsaidia, macho yalikuwa yamejaa.

"Nimekaa na sababu yangu muda mrefu," alisema. "Niliishika kwa mikono miwili, nikidhani begi ndilo linalomchukua mtu. Kumbe begi halina kosa. Kila mtu ana begi."

Mfumaji alimwendea, akapiga magoti, akamlazia kichwa mapajani. Gauni lote likalowa sabuni na Shangazi hakugomba. Alimpapasa nywele kama alivyofanya zamani, akifundisha vidole vidogo kushika uzi wa sweta lile.

"Lakini simpi mtoto leo," alisema ghafla, na ile sauti yake ya kawaida ikarudi. "Mimi si mtu wa kutoa haraka haraka. Umetoroka kazini?"

"Nimeomba ruhusa. Kesho asubuhi natakiwa kazini. Nina viatu vya watu mkononi, na zana zangu ziko kule."

"Basi nenda ukamalize viatu vya watu. Mtu asiyemaliza kazi simpi hata paka. Beba zana zako, njoo na wazee wako, wakae kwenye viti hivi waseme. Na safari hii ukikaa, kaa kiti chote, usikae ukingoni kama unataka kukimbia."

"Nitakaa chote, Shangazi."

"Na huo mkoba mmeutelekeza. Mtu ana meno ya watu ya kung'oa, anangoja."

Wote watatu wakaangalia beseni. Mfumaji aliingiza mikono, akautoa, akaukamua. Lile gunia la jana halikuwapo. Mikononi mwake palikuwa na mkoba mdogo, mnene, umekaza, rangi yake ya damu ya mzee imekolea, hakuna kitanzi hata kimoja kilichoonekana. Aliuvisha kwenye sufuria iliyopinduliwa ili ukauke na umbo lake, akaunyoosha pembe kwa viganja.

Shangazi aliinama, akausukumia kidole pale ambapo jana kidole kingepenya. Hakikupenya. Akajaribu upande mwingine. Alikuwa ameikataa kazi hiyo tangu siku ya kwanza, na hakuwahi hata kuigusa.

"Mzuri," alisema kwa shida, kama mtu anayelipa faini. Kisha akasema tena, taratibu zaidi, "Ni mzuri sana, mwanangu."

Simu ikalia kwenye rafu. Shangazi akaitazama kwa miwani yake, akahakikisha, akahakikisha tena.

"Sasa huyu ndiye Daktari," alisema. "Nendeni nje huko. Nitamjibu mimi, maana nina mengi ya kumweleza."

Mfumaji alimsindikiza Fundi mpaka kwenye kona ya mtaa, mikono ya gauni bado imelowa, shavu bado lina sabuni. Fundi aliiona sabuni tangu jikoni na hakumwambia, kwa kuwa alitaka kuifuta yeye. Walipofika kwenye kona akaifuta kwa kidole gumba, polepole kuliko ilivyohitajika. Ndiyo kona ile ile iliyommeza mume wa Shangazi, na wote wawili walijua.

Fundi alirekebisha begi mgongoni.

"Sitaki kusafiri na sauti ya Daktari wa Meno," alisema. "Nipe yangu. Niambie kwa kinywa chako, nikiwa nakuona."

Mfumaji alitazama chini, desturi ya zamani ikamvuta. Hakukuwa na kikombe. Akainua uso.

"Nasubiri urudi."

Macho ya Fundi yakacheka kwanza.

"Mimi, au mkoba?"

"Mkoba umesharudi," alisema.